Kichwa cha Injini: Kukifungua na Kukitengeneza Nyumbani



Mwezi huu nataka kuwaeleza kazi moja ambayo watu wengi huiogopa kama waogopavyo nyoka ndani ya nyumba, nayo ni kufungua kichwa cha injini ya motakaa, yaani kile ambacho mafundi hukiita silinda hedi. Baadhi yenu mmeniomba mara nyingi niieleze, nami kila mara naliahirisha, kwa sababu siwezi kuieleza bila kusimulia kwanza jambo lililotupata nyumbani kwetu mwaka 2017, wala si jambo la kujisifu.

Tunalo gari la zamani, Land Rover ya toleo la tatu, lenye injini ya petroli ya silinda nne. Magari ya toleo hilo yalitengenezwa Uingereza tangu mwaka 1971 hata mwaka 1985, na mpaka leo hayajatoweka katika njia zetu. Mwezi wa Agosti mwaka ule nalimtuma mwanangu wa kwanza, aliyekuwa na miaka kumi na tisa na leseni yake mpya, aende Mbinga akachukue magunia ya mahindi. Akarudi jioni, akaegesha, akala, akalala. Nilipomwuliza habari za safari alijibu, "Nzuri, Baba. Ila gari lilichoka kidogo mlimani." Nami sikuuliza zaidi.

Usiku wa tatu jirani yetu alikuja kugonga mlango. Mkewe alikuwa ameshikwa na uchungu wa kuzaa, naye akaomba nimpeleke hospitali ya Peramiho, mwendo wa kilomita ishirini na kitu kutoka hapa. Tulipofika kama nusu ya njia, mshale wa joto ulipanda mpaka penye rangi nyekundu, moshi mweupe ukajaa nyuma yetu, injini ikaishiwa nguvu, ikazima. Tukakaa gizani kando ya barabara karibu saa nzima, mwanamke yule akiugulia kiti cha nyuma, mumewe akisimama barabarani na tochi ya simu. Hatimaye lori likapita, na dereva akatuhurumia. Mtoto alizaliwa salama alfajiri, wa kike. Lakini saa ile ya gizani bado naikumbuka.

Asubuhi, gari lilipokwisha kuvutwa mpaka nyumbani, mwanangu alinijia uani, akasimama mbali kidogo. Akasema, "Baba, ni mimi." Kisha akaeleza yote. Njia ya Mbinga mpira wa juu wa rejeta ulipasuka. Aliuona mshale umepanda, lakini akaendelea mpaka kijiji kilichokuwa mbele, maana hakutaka kukaa porini na mahindi ya watu. Akaufunga mpira kwa vipande vya tyubu ya baiskeli, na palepale akamimina maji ya baridi ya kijito ndani ya injini iliyokuwa ikiwaka kama tanuri. Nikamwuliza kwa nini hakusema. Akajibu, "Nalidhani utaninyang'anya ufunguo."

Nalitaka kukasirika. Lakini mpira ule mimi mwenyewe nalikuwa nimeuona umevimba tangu Pasaka, nikasema moyoni kwamba bado utadumu. Basi tukanyamaza wote wawili, tukaenda kulifungua boneti.

Nalikwenda kwanza kwa fundi mmoja wa mjini. Alisikiliza mlio, hakufungua kitu, akaniambia ninunue injini nyingine. Fedha aliyotaja ilikuwa karo ya watoto wawili kwa mwaka mzima. Tukamwendea mzee mmoja wa mtaa wetu, aliyefanya kazi ya ufundi miaka mingi, na sasa macho yake yamefifia hata asione vema. Akasema, "Nitakaa kwenye kiti hapo karibu. Macho yatakuwa ya kijana, mikono iwe yenu, nami nitawaambia." Hayo ninayowaandikia hapa mengi ni maneno yake.

Inafaa kwanza mjue kichwa hicho ni kitu gani. Injini ina mwili, ambao mafundi huuita bloku, na ndani ya mwili huo mna matundu marefu yaitwayo silinda, ambamo pistoni hupanda na kushuka. Kichwa ni pande la chuma au la alumini linalofunika matundu hayo kwa juu. Ndani yake mna valvu, yaani vilango vya kuingizia hewa na petroli na vya kutolea moshi. Tena mna mifereji ya maji ya kupooza. Hapo zamani injini nyingi zilisubuwa kichwa na silinda pamoja kama chungu kimoja, na kuzisafisha ndani ilikuwa taabu kubwa. Gari la Ford la Model T, lililoanza kuuzwa Marekani mwaka 1908, lilikuwa miongoni mwa magari ya kwanza ya watu wengi kuwa na kichwa cha kufunguliwa, na hiyo ni sababu moja ya wakulima wa huko kuweza kujitengenezea wenyewe.

Lakini kila kitu kinachofunguliwa hapana budi kizibwe tena. Kati ya kichwa na bloku hulazwa gasketi, karatasi nyembamba ya madini na vitu vingine visivyoungua. Hiyo gasketi peke yake ndiyo inayotenganisha moto wa silinda, maji ya rejeta na oili. Moto ukizidi, chuma hutanuka; tena alumini hutanuka karibu mara mbili kuliko chuma cha kusubu. Kichwa kikipinda hata kiasi cha unene wa unywele mmoja, gasketi haibanwi sawasawa, moto hupata mwanya, nao huukata mwanya ule siku kwa siku kama maji yakatavyo ukingo wa shamba.

Dalili zake ni hizi. Maji ya rejeta hupungua, wala chini ya gari huoni tone. Moshi mweupe hutoka nyuma hata injini ikiisha kupata moto. (Asubuhi ya baridi ya mwezi wa Juni hapa kwetu kila gari hutoa moshi mweupe kidogo, wala si ugonjwa.) Injini ikinguruma na rejeta imefunguliwa, utaona mapovu yakipanda bila kukoma. Na ukifungua kifuniko cha oili ukaona uji wa rangi ya chai ya maziwa, basi maji yamekwisha kuingia ndani ya oili, usiiwashe tena. Gari letu lilikuwa na dalili tatu kati ya nne.

Nawasihi juu ya jambo moja: msifungue rejeta ya moto. Kifuniko cha rejeta huyabana maji yasichemke kwa joto lake la kawaida. Hapa Songea tuko juu ya bahari zaidi ya meta elfu moja, na maji katika sufuria iliyo wazi huchemka kabla ya kufika nyuzi 100, kama nyuzi 96 hivi. Yaliyobanwa huweza kuwa na joto kupita hapo, na ukifungua ghafula yote hugeuka mvuke mara moja na kukurukia usoni. Ngoja mpaka uweze kushika mpira wa juu kwa kiganja bila kuondoa mkono.

Haya, kazi yenyewe. Mzee alitukataza kugusa bolti hata moja siku ile, kwa sababu kichwa kinachofunguliwa kingali na moto huweza kupinda kwa kufunguliwa huko. Jioni tulitia dizeli kidogo katika nati zote zenye kutu za bomba la moshi, tukalala. Asubuhi tukaondoa waya wa betri, ule wa hasi kwanza, tukamwaga maji katika beseni. Kama gari lako lina dawa ya rejeta yenye rangi, beseni hilo usiliache uani, maana dawa ile ni tamu, na mbwa au mtoto akiinywa hufa.

Tukatoa boneti, mpira wa hewa, kabureta, waya za plagi, mipira ya maji, bomba dogo la oili liendalo kwa roka, na nati za bomba la moshi. Bomba la petroli tuliliziba kwa kijiti. Hayo hayana shida; shida ni kukumbuka. Mke wangu alipoona bolti zikirundikana katika kikombe kimoja alituuliza, "Je, na sufuria za wali, maharage na mboga mtazimimina pamoja?" Akaleta katoni ya sabuni, na tangu hapo kila kitu kilichotoka kilichomekwa katika katoni kwa mpangilio ule ule wa injini, na jina lake pembeni. Naona shauri lile lilituokoa kuliko spana zote. Leo pia mwaweza kupiga picha kwa simu kabla ya kila hatua, jambo ambalo mzee hakuwa nalo alipojifunza.

Kisha tukaondoa kifuniko cha juu, na hapo roka zikaonekana, yaani vile vimkono vinavyobonyeza valvu. Chini yake husimama vijiti vinane vya chuma, pushirodi. Kila kijiti kimezoeana na mahali pake kwa miaka, kwa hiyo kirudi palepale. Tulitoboa katoni matundu manane, tukaandika 1 hata 8, tukavichomeka. Kabla ya kuvuta kijiti, kizungushe kidogo kwanza, kisije kikainua kitu kilicho chini yake.

Bolti za kichwa hulegezwa kidogo kidogo, kuanzia za pembeni kuelekea katikati, robo mzunguko kwa kila moja, mpaka zote zimelegea. Anayefungua moja kabisa na kuhamia nyingine hukipinda kichwa kwa mkono wake mwenyewe. Zilipokwisha kutoka, kichwa hakikujongea. Mwanangu akachukua bisibisi ili akibanduke kwa kuitia katikati. Mzee hakuona, lakini alisikia bisibisi ikigonga chuma, akapaza sauti, "Wacha!" Mkwaruzo mmoja juu ya uso ule ni mlango mpya wa moto. Tukakishika huku na huku, tukakitikisa, kikabanduka. Kichwa cha chuma cha gari hili ni kizito. Kiinueni watu wawili, tena kwa migongo iliyonyooka.

Msitupe gasketi ya zamani kabla ya kuisoma. Tuliilaza juu ya meza penye mwanga, tukaona kati ya silinda ya pili na ya tatu mstari mweusi, mwembamba kama njia ya siafu. Moto ulikuwa ukipita hapo kutoka silinda moja kwenda nyingine, na ndiyo sababu nguvu ilitoweka. Mzee akaomba aiguse. Akapitisha ncha ya kidole mara mbili, akasema, "Hapa, na hapa tena pembeni, penye tundu la maji." Pale pa pili sisi wenye macho hatukuwa tumepaona.

Sasa ikafika hofu yangu kubwa, yaani ufa. Chuma chenye moto kikimwagiwa maji ya baridi huweza kupasuka, na ufa hupenda kukaa kati ya kiti cha valvu moja na cha jirani yake. Kama kichwa kimepasuka, basi fundi wa mjini alikuwa amesema kweli, na karo imekwenda. Njia ya kuutafuta bila mashine ni hii: osha kichwa mpaka kiwe kikavu kabisa, kipake mafuta ya taa, ngoja nusu saa, kipanguse, kisha kinyunyizie unga wa chaki. Mafuta yaliyojificha ndani ya ufa hupanda juu na kuchora mstari wa unyevu katika unga mweupe. Tulinyunyiza chaki, tukangoja. Mwanangu alichutama kando yake kama achutamaye mbele ya mtego, hakusema neno. Ilipita robo saa. Unga ukabaki mweupe. Mzee akauliza, "Vipi?" Kijana akajibu, "Hakuna, Babu." Akaenda nyuma ya nyumba, akakaa huko kitambo. Sikumfuata.

Baada ya ufa ni kupima unyofu. Hutakiwa rula ya chuma iliyonyooka kweli, si ubao, pamoja na karatasi za chuma za kupimia nafasi, ambazo mafundi huziita fila. Simamisha rula juu ya uso wa kichwa, kwa urefu, kwa upana, na kwa pembe hata pembe, ukijaribu kuingiza fila chini yake. Kwa injini nyingi za silinda nne vitabu huruhusu kati ya sehemu 5 na sehemu 10 za mia za milimeta. Fuata kitabu cha gari lako. Fila yetu ya milimeta 0.15 iliingia katikati bila kusukumwa. Kazi hiyo haifanyiki nyumbani, wala msidanganywe na mtu wa kukusugulia kwa msasa juu ya kioo. Tulikifunga kichwa katika gunia, tukakipeleka kwenye karakana yenye mashine ya kusawazisha, wakakikwangua kidogo sana. Waambieni wakwangue kiasi kinachohitajika tu, maana kichwa kikipungua mno, chumba cha moto hubanwa kuliko kilivyokusudiwa.

Kilipokuwa kimerudi tulisafisha masizi. Kwa chuma cha kusubu waweza kutumia kikwaruzo cha chuma kwa uangalifu; kwa alumini tumia mti mgumu. Juu ya bloku, ziba silinda na matundu yote kwa vitambaa safi kwanza. Punje moja ya mchanga ikiingia katika silinda hufanya kazi yake kila mzunguko, wala haichoki.

Naja sasa kwa valvu, sehemu ninayoipenda. Hebu fikirini: injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kila valvu hufunguka na kujifunga mara 1,500 kwa dakika hiyo moja. Safari ya kutoka hapa mpaka Makambako ni karibu kilomita 300. Ukienda saa tano kwa mwendo wa injini wa namna hiyo, valvu moja imegonga kiti chake mara 450,000. Tena valvu ya moshi hufanya hivyo ikiwa na joto la nyuzi zaidi ya 600. Joto hilo hutokea wapi? Sehemu kubwa hupita pale valvu inapokutana na kiti chake, wakati mfupi ule imefungwa. Kama haikai sawasawa, au kama roka imebana hata isijifunge kabisa, joto halina pa kutokea, na ukingo wa valvu huungua na kumong'onyoka. Watu husema "petroli mbaya", kumbe ni nafasi ya roka.

Springi za valvu hubonyezwa kwa jeki yake maalumu, tuliazima. Ukibonyeza, toa vile vipande viwili vidogo vinavyoifunga valvu, ukivichunga visiruke, kisha toa springi na valvu. Hizo nazo zikae katika katoni kwa namba. Valvu iliyopinda, iliyopasuka au iliyoliwa ukingo haifai tena. Iliyo nzima hupakwa dawa ya kusagia katika ukingo, hurudishwa katika kiti chake, nawe waisaga kwa kijiti chenye mpira wa kunyonya mwishoni, ukikizungusha kati ya viganja viwili, mbele na nyuma. Mwanangu hakuhitaji kufundishwa. Mzee alisema tu, "Pekecha kama wapekechavyo moto porini," basi. Kila baada ya muda inua valvu, izungushe kidogo, anza tena. Kazi imekwisha ukiona duara la kijivu, lisilokatika, lenye upana ulio sawa, juu ya valvu na juu ya kiti. Kisha osha dawa yote, osha tena, maana dawa ile ni mchanga.

Kwa kuzijaribu, funga valvu na springi zake, tia plagi, pindua kichwa, umimine mafuta ya taa katika kila chumba. Yasipovuja chini ya valvu kwa dakika kadhaa, umefanya vema. Chumba chetu cha tatu kilitoa machozi, tukarudia.

Wenye magari ya zamani wajue jambo hili pia. Petroli ya kale ilikuwa na risasi, na risasi hiyo ilivikinga viti vya valvu visiliwe. Nchi za Afrika kusini ya Sahara ziliacha petroli hiyo kufikia mwanzo wa mwaka 2006, nao ni uamuzi mwema kwa afya za watoto. Lakini katika injini za kale zenye viti laini, valvu huweza kuzama polepole, na nafasi ya roka ikazidi kupungua. Dawa yake ni kupima nafasi hiyo mara nyingi zaidi, si kusubiri mlio.

Kufunga ni kinyume cha kufungua, ila kuna mambo ambayo ukikosea utarudia yote. Matundu ya bolti katika bloku yakaushwe kabisa. Maji au oili ikibaki chini, bolti ikiingia huibana, na bloku huweza kupasuka. Gasketi iwe mpya, ilazwe upande wake, ambao mara nyingi umeandikwa neno la Kiingereza TOP, nayo isipakwe gundi kama kitabu hakikusema. Kisha bolti zikazwe kuanzia katikati, ukizunguka kuelekea pembeni, kwa hatua tatu.

Kiasi cha kukaza ndicho kilichotusumbua. Kwa injini hii bolti kubwa hutaka nguvu ya pauni 65 kwenye mkono wa futi moja, na bolti ndogo za roka pauni 18 tu. Spana ya kupimia nguvu hatukuipata siku ile. Mzee akasema tulete mizani ya ndoano, ile ya kupimia mahindi. Tukachukua spana ndefu, tukapima sentimita 60 toka katikati ya bolti, tukatundika ndoano hapo, tukavuta mizani kwa pembe mraba: hatua ya kwanza kilo 5, ya pili 10, ya mwisho 15. Hesabu yake hutoka sawa na pauni 65 zile. Siwaambii kwamba ni bora kuliko spana ya kupimia. Nasema ni bora kuliko mkono wa mtu mwenye haraka.

Nafasi ya roka kwa injini hii ni milimeta 0.25 kwa valvu zote nane. Kuna njia nyepesi ya kuikumbuka: valvu unayoipima na ile iliyobonyezwa kabisa, jumla yao ni tisa. Ya 8 ikiwa imefunguka kabisa, pima ya 1, ya 6 ikifunguka, pima ya 3, na kuendelea. Binti yangu wa darasa la tano ndiye aliyetutajia namba, akiona ni mchezo.

Lazima niseme wazi kwamba haya ni ya injini ya kale, yenye kichwa cha chuma na pushirodi. Magari mengi mapya yana kichwa cha alumini, mkanda au cheni inayoendesha valvu kwa juu, na bolti zinazonyooka zinapokazwa, hata hazifai kutumiwa mara ya pili. Huko mkanda ukikosea jino moja au mawili, pistoni huweza kugonga valvu. Mwenye gari la namna hiyo na asiye na kitabu chake ampe fundi anayeaminika, wala asione haya. Ila hata yeye amwombe aonyeshwe gasketi ya zamani.

Lakini mzee hakuturuhusu kuwasha. Akauliza, "Mpira wa rejeta mmekwisha kubadili? Themostati mmeijaribu? Feni belti je?" Mtu akitengeneza kichwa na kuacha kilichokichemsha, ndani ya mwezi atakifungua tena. Mpira tulinunua mpya. Themostati ni kile kilango kidogo kinachoyazuia maji mpaka injini ipate joto lake. Wengi katika nchi zetu huitupa, wakisema hapa hakuna baridi. Mimi nalikuwa mmoja wao. Injini isiyo nayo hukawia kupata moto, hula petroli zaidi, na oili yake hushika uchafu. Ijaribu katika sufuria ya maji jikoni: ikifunguka maji yanapokaribia kuchemka, ni nzima. Na katika rejeta tulitia dawa yenye rangi badala ya maji matupu, si kwa ajili ya barafu, bali kwa ajili ya kutu.

Oili ikabadilishwa. Gari likawaka mara ya tatu. Tukaacha rejeta wazi mpaka hewa ikaisha kutoka, tukajaza, tukafunga. Mapovu hayakuonekana. Mzee akasogezwa karibu, akaweka kiganja juu ya kifuniko cha roka, akasikiliza kwa muda mrefu. Akasema, "Linahema vizuri."

Siku iliyofuata nalimpa mwanangu ufunguo. Tulikwenda Peramiho kwa njia ile ile, yeye akiendesha, nami nikiutazama mshale. Tulipopita mahali pale tulipokwama alipunguza mwendo kidogo, wala hatukusema neno. Mshale ulikaa katikati kwenda na kurudi. Injini ilipopoa tulizikaza bolti za kichwa mara moja zaidi, kama kitabu cha gari hili kinavyoagiza, tukapima nafasi za roka upya.

Gasketi ya zamani imetundikwa msumarini ghalani, na ule mstari mweusi bado waonekana. Tangu mwaka ule kijana huyu hunijia mara kwa mara na kusema, "Baba, nimesikia kitu kwenye gari," na mara nyingi si kitu.

Mwezi ujao, tukijaliwa, nitaeleza namna ya kuzibua rejeta iliyojaa kutu bila kuipasua.